Sura Aliyoiruka Samsam

Kila siku baada ya sala ya alasiri, akina mama wa mtaa wa Bondeni, mjini Nakuru, walitandika mikeka barazani kwa Shangazi Kadija. Kila mmoja alikuja na kazi yake. Huyu alichambua maharagwe, yule alidarizi kofia, na Bi Kinsi, ambaye hakuwa na kazi yoyote, alishika sindano isiyo na uzi ili asije akaambiwa amekuja kukaa bure. Walipokwisha kusogezana na kupata nafasi, Shangazi Kadija aliita kwa sauti ambayo filimbi ya garimoshi ingeionea wivu.

"Samsam! Tuletee miwani yetu!"

Miwani yenyewe alikuwa Samsam, aliyeishi na shangazi yake katika nyumba hiyo. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita, na katika baraza lile ndiye pekee aliyejua kusoma. Mwaka huo ulikuwa 1957. Akina mama wale walipokuwa wadogo, shule ilikuwa kitu cha kaka zao. Sasa walikuwa watu wazima, hamu ya hadithi wanayo, macho mazuri wanayo, lakini maandishi kwao yalikuwa kama nyayo za kuku kwenye vumbi. Kwa hiyo Samsam aliwasomea. Ujira wake ulikuwa kikombe cha chai na kaimati mbili, tatu ikiwa hadithi ilikuwa tamu.

Samsam alisoma vizuri, na hilo halikubadilika hata mama yake alipofariki. Mengine ndiyo yaliyobadilika. Mama alikwenda hospitali kwa miguu yake, akiwa anaumwa tumbo, na akarudishwa amebebwa. Siku ya mazishi wanaume walikwenda makaburini, wanawake wakabaki nyumbani, na Samsam akapewa kisu na kikapu cha vitunguu. Waliopita uani walimwona akitokwa machozi, wakampapasa kichwa na kumwambia, "Pole, mwanangu, lia tu." Kumbe ni vitunguu. Vilipokwisha, na machozi yakaisha.

Umewahi kuukalia mguu wako mpaka ukafa ganzi? Unaugusa na kuona kama unagusa mguu wa mtu mwingine. Basi Samsam alikuwa hivyo mwili mzima. Alifua, alikwenda shule, alijibu akiulizwa. Kaimati alizitafuna kama mtu anayetafuna pamba. Watu walimsifu kuwa ni mtoto jasiri, naye aliwasikia kama wanamsifu jirani.

Kitabu walichokuwa wakikisoma kiliitwa *Cheptanui wa Njoro*. Mwalimu Hiram wa shuleni ndiye aliyemwazima Samsam. Kilisimulia habari za mama mmoja, Cheptanui, aliyefanya kazi katika shamba la ngano la mzungu huko Njoro, akiwalea watoto wake huku kikohozi kikimtafuna kifua. Akina mama walimpenda Cheptanui kuliko baadhi ya ndugu zao. Kila akikohoa kitabuni, nao walikohoa.

Mmoja wao alikohoa hata kitabu kikiwa kimefungwa. Huyo alikuwa Rahab, ambaye mtaani aliitwa Mama Wangare. Binti yake, Wangare, alikaa dawati moja na Samsam. Baba yake Wangare alikuwa kizuizini, kama akina baba wengi wa siku zile za Hali ya Hatari, na hakuna aliyejua atarudi lini. Mama Wangare aliuza viazi sokoni na akaulea mdomo wake uwe mkali, maana mjane wa mume aliye hai hana silaha nyingine.

"Kikohozi hicho kitakuua, Mama Wangare," Bi Kinsi alimwambia.

"Wewe uvivu haujakuua, mimi kikohozi kitaniweza?" Mama Wangare akamjibu, na baraza zima likacheka. Lakini alikuwa amekwisha kupita kwenye zahanati, na mganga wa pale alimwambia aende hospitali kubwa akapigwe picha ya kifua. Aliahidi kwenda Jumatatu.

Jumamosi, siku mbili kabla, Samsam alifika kwenye sura ambayo Cheptanui anakufa.

Alikuwa hakuisoma kabla. Aliisoma pale pale, kwa sauti, kama kawaida yake, mpaka akafika kwenye maneno haya: *Shuka lake lilibaki msumarini nyuma ya mlango, na makapi ya ngano yangali yameng'ang'ania pindoni.*

Macho yaliyasoma, mdomo ukakataa. Nyuma ya mlango wa chumba chake Samsam, msumarini, ilining'inia kanga ya mama yake. Hakuna aliyekuwa ameiondoa.

"Vipi, miwani imeingia ukungu?" aliuliza Bi Kinsi.

Samsam aliendelea kukitazama kitabu. Akafungua kinywa, na sauti ikatoka ile ile, tulivu, isiyo na wasiwasi. "Lakini asubuhi," akasema, "Cheptanui aliketi kitandani. Watoto walitaka kumpeleka hospitali, akakataa. Alijua kwamba waendao hospitali hawarudi. Akachemsha maziwa, akatia tangawizi na asali, akanywa asubuhi na jioni, akapumzika. Kikohozi kikapungua, kikaisha. Na ngano ilipokomaa, alikuwa wa kwanza kuingia shambani."

Hakuna hata neno moja katika hayo lililokuwa kitabuni. Akina mama walipiga vigelegele. Mtu mmoja alimpa Samsam kaimati ya tatu, naye akaitafuna.

Jumatatu Wangare alifika shuleni akirukaruka. "Mama haendi tena hospitali!" alimwambia Samsam. "Amenunua asali ya Baringo kwa yule mzee wa sokoni. Anakunywa dawa ya Cheptanui!"

Samsam alijua kwamba hapo ndipo mtu anaposhtuka. Alingoja ashtuke. Hakushtuka. "Vizuri," akasema, akafungua daftari la hesabu.

Siku zikaenda. Mama Wangare alikunywa maziwa yake na kukohoa, akikohoa alisema dawa inakitoa kikohozi nje. Alipungua mpaka gauni likawa linamvaa yeye. Samsam aliyaona hayo yote, maana macho hayakuwa na ganzi. Kila siku alisema moyoni kwamba kesho atamwambia, na kila siku alisoma ukurasa mwingine, akiruka kila palipotaja kifo.

Ndipo Mwalimu Hiram akaleta habari darasani. Mtunzi wa *Cheptanui wa Njoro*, Bwana Dalmas, angekuja Nakuru kuzungumza na wasomaji wake katika ukumbi wa mtaa. Yeyote angeruhusiwa kuingia.

"Mtu aliyeandika kitabu? Mzima? Tunamwona kwa macho?" Shangazi Kadija alisema, na papo hapo akatoa buibui lake jipya kulianika, ingawa upepo wa ziwani ulilirudisha likiwa jeupe kwa vumbi.

"Mimi lazima niende," alisema Mama Wangare. "Nina neno na bwana huyo."

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa hadi madirishani. Wafanyakazi wa reli walikuja na sare zao, walimu walikuja na tai, akina mama wa barazani walikamata benchi nzima na Bi Kinsi akaja na sindano yake. Mlangoni alisimama askari. Siku zile mkutano wowote ulihitaji kibali, na askari alitumwa kuhakikisha kwamba wasemaji wanasema hadithi tu. Alikunja uso wa kazi.

Bwana Dalmas alikuwa mtu mfupi mwenye koti lililopanuka mifukoni. Watu waliotegemea jitu lenye ndevu walitazamana.

"Najua," alisema. "Hata mke wangu alitegemea mtu mrefu zaidi." Ukumbi ukacheka, na askari akalegeza uso kidogo. "Mnaniuliza ninaandikaje. Naandika alfajiri, mezani jikoni, kabla sijaenda kazini. Nikimaliza ukurasa, namsomea mke wangu akisonga ugali. Akiacha mwiko akanitazama, ukurasa umepona. Akiendelea kusonga, nauchana. Wasomi wengine wana vyuo. Mimi nina mwiko."

Mtu wa reli aliuliza kama Cheptanui ni mtu wa kweli. Bwana Dalmas akasema kwamba Cheptanui ni akina mama wengi aliowaona mashambani wakificha vikohozi vyao kwenye pindo la shuka, wakiogopa kufukuzwa kazi. "Niliwachukua wote nikawapa jina moja."

Mama Wangare akasimama. Alishika leso mdomoni mpaka pumzi ikakaa sawa.

"Bwana, mimi sina swali. Nina shukrani. Sijui kusoma, lakini nasomewa. Nilikuwa niende hospitali kupigwa picha ya kifua. Kitabu chako kikaniponya woga. Sasa natumia ile dawa yako, maziwa na tangawizi na asali, kama alivyopona Cheptanui. Mungu akubariki."

Bwana Dalmas alimtazama. "Dawa ipi, mama? Cheptanui hakupona."

Kicheko kilianza nyuma, kwa vijana, kikaja mbele kama maji. "Kasoma kitabu juu chini!" mmoja akapaza sauti. "Mama, hicho kilikuwa kitabu cha mapishi!" Hata askari alicheka. Mama Wangare, ambaye mdomo wake haukuwahi kushindwa na mtu sokoni, alibaki amesimama na leso yake, akageuka kuitazama benchi ya akina mama. Akamtazama Samsam.

Wangare naye alimtazama. "Samsam," alinong'ona, "si ulisoma hivyo?"

Samsam angeweza kutikisa kichwa tu. Watu wangesema mama wa viazi hakuelewa, na mambo yangeishia hapo. Mama Wangare angerudi nyumbani na aibu yake na kikohozi chake. Samsam aliliona hilo waziwazi, kama mtu anavyoona hesabu iliyokwisha kufanywa ubaoni. Akasimama. Miguu ilikuwa kama ya kuazima.

"Msimcheke," alisema. Sauti haikutetemeka, na ilikuwa ndogo, kwa hiyo ukumbi ulinyamaza ili uisikie. "Alisikia vizuri. Mimi ndiye niliyewasomea. Sura ile sikuisoma. Nilitunga yangu."

Shangazi Kadija alishika kichwa. "Ya Rabi! Samsam!"

Bwana Dalmas aliteremka jukwaani, akaja hadi kwenye benchi. Hakuonekana mwenye hasira, wala hakuchekelea.

"Kwa nini ulimponya?"

"Sikutaka afe."

"Hata mimi sikutaka," alisema. "Mke wangu aliacha mwiko, akaniambia nimrudishe. Nikamwambia, nikimponya kwa uongo, kuna mama atakayesoma na kubaki nyumbani. Niliandika ili mtu mwenye kikohozi aende hospitali mapema."

"Mama yangu alikwenda hospitali," alisema Samsam. "Hakurudi."

Bwana Dalmas alimkaribia zaidi.

"Kazi yangu ni kutunga," alisema polepole. "Lakini kwa hilo sina jibu, na sitakutungia." Akapiga goti moja ili macho yao yalingane, kazi ambayo kwa ufupi wake haikuhitaji kushuka sana. "Nisikilize. Kumponya Cheptanui hukunikosea. Kila msomaji anaweza kutunga yake. Lakini ungewaambia, hapa kitabu kinaishia, kuanzia hapa ni mimi. Anayesikiliza lazima ajue anamsikiliza nani. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Na wewe, mama," alimgeukia Mama Wangare, "dawa ile si yangu. Hata ingekuwa yangu, mimi naandika hadithi, sitibu vifua. Nakuomba uende hospitali."

Mama Wangare alimgeukia Samsam. "Nilikuamini, mtoto," alisema. Akamshika Wangare mkono, wakatoka. Askari aliwapisha mlangoni na kuvua kofia, jambo ambalo kibali hakikumtaka afanye.

Kwa shangazi hapakuwa na kelele. Samsam alitegemea fimbo, lakini Shangazi Kadija alivaa buibui lake lenye vumbi, akamwambia, "Twende." Walikwenda hadi kwa Mama Wangare. Samsam alisema aliyotakiwa kusema, kwamba alidanganya na kwamba anaomba radhi. Mama Wangare alisikiliza akimenya viazi. Kisha Shangazi Kadija akasema, "Kesho kutwa nakupeleka hospitali mimi mwenyewe. Wangare atakaa kwangu. Ukikataa, nitakubeba kwa mgongo, na unanijua."

"Nakujua," alisema Mama Wangare. "Utaniangusha njiani." Lakini alikwenda.

Ulikuwa kifua kikuu. Daktari alimlaza na kusema angekaa huko kwa miezi. Alisema pia kwamba kama angechelewa zaidi, hata dawa mpya za sindano zisingemfaa.

Wangare alihamia chumbani kwa Samsam. Walilala kitanda kimoja, mmoja akitazama ukuta, mwingine akitazama kanga nyuma ya mlango.

"Akifa, ni wewe," Wangare alisema siku moja walipokuwa wakitandika.

"Ndiyo," alisema Samsam. Hakujitetea. Akaendelea kuvuta shuka upande wake, na Wangare, kwa kuwa shuka halitandikwi na mtu mmoja, akavuta wa kwake.

Jioni barazani mikeka ilitandikwa, lakini hakuna aliyeita miwani. Akina mama walidarizi na kusemana. Samsam alikaa pembeni, akichambua maharagwe kama wengine. Kila Ijumaa yeye na Wangare walibeba uji hadi hospitalini, wakaukabidhi mlangoni, wakarudi bila kuzungumza. Safari ya kwanza Samsam alitaka kugeuka alipouona ukuta ule mweupe. Hakugeuka. Safari zilizofuata ukuta ulikuwa ukuta tu. Na siku moja, kwenye njia ya kurudi, Wangare alisema, "Leo amemtukana muuguzi." Kisha akaongeza, "Anapona, basi."

Mvua za masika zilinyesha zikaisha, mlima wa Menengai ukawa kijani, na Mama Wangare akarudi. Alikuwa na mashavu. Gauni alilivaa yeye, na lilimbana.

Alifika barazani baada ya alasiri, akajipatia nafasi katikati kwa kumsukuma Bi Kinsi. "Iko wapi ile miwani?" aliuliza.

Samsam alisimama na ungo wake wa maharagwe.

"Kalete kitabu," Mama Wangare alimwambia. "Nataka ile sura. Ile ya kweli. Nisomee anavyokufa. Mimi niko hapa, siogopi kitu."

Mwalimu Hiram alikuwa amemwachia Samsam kitabu kile. Alikileta, akakifungua, na akasoma. Alipofika kwenye shuka lililobaki msumarini, alisimama. Baraza lilingoja. Bi Kinsi aliumeza mzaha uliokuwa ulimini mwake. Samsam akayasoma maneno yale, ya shuka, ya msumari, ya makapi ya ngano, na akaenda hadi mwisho wa sura bila kuruka hata nukta. Alipofunga kitabu, akina mama wawili watatu walikuwa wakijifuta macho kwa pindo za kanga.

"Sasa ndiyo umesoma," alisema Mama Wangare.

Shangazi Kadija aliweka sindano chini. "Samsam, na wewe Wangare, sikieni, maana nitasema mara moja. Asiyejua kusoma anakupa masikio yake kama kipofu anavyokupa mkono. Mahali unapompeleka, anakwenda. Ukimpitisha njia yako mwenyewe kwa sababu ile ya kweli inakuumiza, hata kama unampenda, umemtupa. Miwani inayoonyesha kisichokuwapo si miwani. Sema kweli, halafu kama inauma, sema pia kwamba inauma. Tutakaa nawe. Tuna kazi gani nyingine hapa? Mwangalie Bi Kinsi."

"Mimi nashona!" alisema Bi Kinsi.

Walicheka. Chai ikapitishwa. Wangare alichukua kikombe kimoja, akakiweka mbele ya Samsam, akakaa karibu naye, bega kwa bega. Samsam alikunywa. Akaondoa kikombe mdomoni, akakitazama ndani, akakunja uso.

"Shangazi," alisema, "chai hii imezidi tangawizi."

Birika lilisimama hewani mkononi mwa Shangazi Kadija. Tangu msiba, mtoto yule alikuwa amekula na kunywa kila alichopewa bila kusema kitu chochote. Shangazi alilitua birika polepole. Kisha akamsogezea sahani ya sukari, akiwa amegeuza uso pembeni.

"Ongeza mwenyewe, mwanangu," alisema. "Ongeza unavyotaka."